Gitaa la Kijani Nililolipaka Masizi

Vijana wangu, juzi nilipita mbele ya karakana moja hapa Kolwezi nikamwona kijana anapulizia gitaa rangi kwa kompresa. Pssss, pssss, mara limekwisha. Nilikwenda kununua chumvi dukani, na niliporudi gitaa lilikuwa limetundikwa kwenye waya, linang'aa kama pikipiki mpya. Nikasimama kulitazama. Kijana akaniuliza, "Mama, unatafuta kintu?" Nikamjibu, "Apana, mwanangu, mi naangalia tu."

Hakujua kwamba kazi hiyo niliifanya mpaka vidole vyangu vilipoanza kutetemeka. Katika mji huu kulikuwa na wakati ambapo mtu akitaka gitaa lake lipendeze aliambiwa, "Enda kwa mama Ngoie, ule wa verni." Verni ndiyo vanishi. Huyo mama Ngoie ni mimi, na kwa kuwa sasa sina la kufanya ila kuota jua na kukosoa kazi za wengine, ngoja niwasimulie.

Sikuzaliwa na brashi mkononi. Nilikuwa nauza vitumbua mbele ya karakana ya tata Monga; tata kwetu ndiyo baba. Tata Monga alikuwa mzee mfupi, mwenye masikio makubwa, aliyepaka rangi mabehewa ya treni tangu enzi za mabehewa ya mbao. Alipostaafu akafungua karakana yake ya viti, vitanda na, kwa kuwa kila mtaa wa wafanyakazi ulikuwa na orkestra yake, magitaa. Asubuhi moja alikuwa anamalizia mlango wa kanisa aliouanza jana yake. Mimi nageuza vitumbua vyangu, nikatupa jicho, nikasema, "Tata, hii kijani haiko ile ya jana. Ya jana ilikuwa na manjano kidogo."

Akanitazama. Akautazama mlango. Akaupeleka juani, akainama, akauzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akasema, "Tosha ile mafuta ku moto. Kuya huku."

Nikaepua mafuta, nikamfuata. Hivyo ndivyo nilivyoacha vitumbua.

Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kushika vanishi hata kwa kidole. Msasa tu. Alinifundisha kusugua kufuata nyuzi za mbao. Ukienda kinyume, alisema, mbao inakuwekea kinyongo, na hicho kinyongo hukioni mpaka vanishi ikauke. Alinifundisha kumwagia sakafu maji kabla ya kupaka ili vumbi lilale, kufukuza kuku, kutovaa nguo ya manyoya. Wakati wa masika tulipaka asubuhi tu, kwa sababu mchana hewa inajaa maji na vanishi inageuka nyeupe kama uji. Kujua kama imekauka hatukugusa. Tulinusa. Ikiwa bado inanuka, bado ni mbichi, hata kama mwenye gitaa amesimama mlangoni anapiga mguu chini.

Na makosa? Nilifanya mengi, lakini moja nalipenda. Lilikuwa gitaa jekundu la mpigaji mmoja wa mtaani, mtu wa majivuno. Nilimaliza kulipaka vizuri kabisa, nikaliacha dirishani. Mvua ikanyesha kidogo, jua likatoka, na kumbikumbi wakafumuka ardhini kama moshi. Niliporudi, gitaa zima lilikuwa limejaa mabawa yao, yamenata kwenye vanishi. Nikaketi chini nikalia. Tata Monga akasema tusubiri likauke, tusugue, tuanze upya. Lakini mwenyewe akafika kabla hatujaligusa. Akaliinua juani. Yale mabawa yalikuwa yanameta kama vipande vya kioo ndani ya wekundu. Akasema, "Eeh! Hii njo gitare!" Akaondoka nalo akipiga mluzi. Wiki iliyofuata mwenzake wa orkestra akaja kutaka la kwake liwe hivyo hivyo. Tata Monga akamwambia, "Ngojea mvua, tata. Kumbikumbi hatunaye mu kopo."

Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo shule haifundishi. Tata Monga alilisema huku anafunga makopo: "Gitare iko ya mwenyewe. Macho yako, weka mu mufuko." Kwa maneno mengine, fundi ana mapenzi yake, na mwenye chombo ana yake, na anayelala na chombo si fundi.

Ni rahisi kusema. Subirini niwaambie habari za tata Tshibangu.

Tata Tshibangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi, mrefu, viatu vyake vinang'aa hata siku ya matope. Wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi, akasoma hapa, akamwoa mama Ngalula hapa, naye mzaliwa wa hapa. Kitu alichokipenda duniani, baada ya Ngalula, kilikuwa kile tulichokiita gitaa la miguu. Ninyi hamjaliona, basi elezeni hivi mtu akiwauliza: ni gitaa lisilokumbatiwa. Linalazwa kama meza, juu ya miguu minne, nyuzi zikitazama mbinguni. Mpigaji anaketi nyuma yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unadonoa, na chini nyayo zinakanyaga pedali zinazovuta nyuzi ili sauti ipande na kushuka. Linalia kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya shimo la mgodi.

Aliliona mara ya kwanza kwa mzungu mmoja, fundi mwenzake, akalichora kichwani, akalitengeneza mwenyewe. Pedali alizikata kutoka gari bovu. Nyaya za kuvutia nyuzi zilikuwa za breki za baiskeli. Kipande cha kutelezesha kilitoka kwenye mashine iliyokufa. Ubao aliuchonga tata Monga kwa mti wa mulombwa, ule mti wetu ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Ubao ulipoletwa kwangu nilikosa pumzi. Nyuzi za mbao yake zilikuwa zimejikunja kama maji ya mto yanapozunguka jiwe.

"Hii," nikamwambia Tshibangu, "tunaiacha vile iko. Verni nyembamba, basi."

"Apana, mama. Mi nataka kijani."

"Kijani gani?"

"Ya malakiti."

Nadhani mnaijua malakiti, lile jiwe la kijani lenye mizunguko ndani yake ambalo shaba yetu hulala nalo. Nikamwuliza kama ana wazimu. Kufunika mulombwa kwa kijani ni sawa na kumvisha bibi harusi gunia. Akasema mulombwa ni rangi ya kitanda, ya kabati, ya jeneza. Yeye anataka watu wakiingia ukumbini waone gitaa kabla ya kumwona yeye. "Na tena," akasema, "tunaikala juu ya hii jiwe. Banaitosha kila siku, banaipeleka mbali. Mi nataka kidogo ibakie." Yaani jiwe tunaloishi juu yake linachimbwa kila siku na kupelekwa mbali.

Tuligombana siku kadhaa. Nilimwita mshamba. Aliniita mama wa majeneza. Tata Monga aligonga tu mfuko wa suruali yake kwa kiganja, na mimi nikaelewa. Nikayaweka macho yangu mfukoni nikaanza kazi.

Nilitwanga malakiti kwenye kinu kidogo cha chuma, pua na mdomo nimevifunga kitambaa, maana vumbi lile si chakula. Nikachuja kwa kilemba chepesi, nikapata unga wa aina mbili, mzito na mwepesi. Unga mzito ukichanganywa na vanishi unatoa kijani cheusi, mwepesi unatoa kijani cha jani changa. Nikapaka cha kwanza, na kabla hakijakauka nikakivuta cha pili juu yake kwa unyoya wa kuku, nikizungusha mkono polepole. Nilifuata mizunguko ile ile ya mbao chini yake, kwa hiyo mulombwa haukupotea kabisa. Nikakausha, nikasugua kwa msasa laini na maji ya sabuni, nikapaka vanishi tupu, nikasugua, nikapaka. Mwisho nikang'arisha kwa majivu yaliyochujwa na tone la mafuta, kwa kiganja, mpaka kiganja kikapata moto.

Lilipokwisha nilitoa macho mfukoni. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Tshibangu aliinama akauona uso wake ndani ya ule ukijani. Mama Ngalula, ambaye alikuwa mwanamke mfupi wa maneno makali, alilitazama, akamtazama mumewe, akasema, "Sasa utalala na hii, ao utalala na miye?"

Lilipigwa kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye sikukuu za parokia, na Jumamosi kwenye ukumbi wa bia. Watu walikuja kutoka Mutoshi kuliona tu. Hakuna aliyesema "gitaa la Tshibangu." Walisema "ile ya kijani," na kila mtu alielewa. Tata Monga alikufa akiwa amecheza dansi kwa sauti yake mara nyingi, na karakana nikaachiwa mimi.

Kisha ikaja ile miaka.

Nilitaka kuwapa habari za furaha tu, lakini hapa lazima nipite. Mgodi ulianza kudidimia. Mashine zikalala, vanishi ikatoweka madukani, tukawa tunapaka kwa majani ya chai na maji ya misumari iliyolowekwa kwenye siki. Watu wakiwa na njaa hutafuta wa kulaumu, na wakubwa wakawaonyesha wa kumlaumu. Wakasema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Tshibangu hakuwahi kuiona Kasai. Mimi nilikuwa Muluba wa kaskazini ya Katanga, mkoa wetu huu, kwa hiyo mlango wangu haukuguswa. Mlango wa Tshibangu, ambao mimi mwenyewe niliupaka vanishi, ulipigwa mawe na vijana waliokua wakila kwake. Maelfu ya watu walikwenda kuketi stesheni na kwenye viwanja vya shule kungojea treni. Pale stesheni watu walikufa, watoto zaidi ya wote. Sitawaficha hilo, wala sitakaa juu yake.

Asubuhi moja mama Ngalula aliingia karakana kwangu bila hodi.

"Mama Ngoie, gitare."

"Imefanya nini?"

"Banaitafuta. Bale bijana ba ku stesheni banapekua bitu bya bantu. Kintu ya muzuri banabeba. Na ile ya kijani, kila mutu anaijua. Tata yetu anasema atailunguza mbele baikamate."

Aliposema mumewe ataichoma, nilitupa brashi chini. Nikamwuliza treni ni lini. Hakuna aliyejua, labda kesho, labda wiki ijayo. Nikamwambia, "Ileteni hapa. Kama banapenda kintu muzuri, sisi tutaifanya mubaya."

Mume wangu, tata Mwamba, alikuwa ameketi nyuma anarekebisha kiti. Akaweka nyundo chini. "Ngoie, unatafuta kifo? Wakisema tunaficha bitu bya bale bantu, tutasema nini?"

"Tutasema tunapaka meza."

Alisukuma kile kiti pembeni. Halafu akavaa kofia yake, akaenda na mkokoteni, na yeye ndiye aliyelivuta gitaa lile mtaani, limefunikwa kwa majani ya mihogo, akisalimia kila mtu njiani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya: kuharibu bila kuharibu. Tulitoa nyuzi, tukatoa pedali na nyaya, tukazifukia ndani ya gunia la makaa. Ukabaki ubao na miguu minne. Kwanza nikaupaka nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, iwe ngozi ya kuulinda ukijani. Juu ya nta nikapaka uji mwepesi wa unga wa muhogo uliochanganywa na masizi ya sufuria na majivu. Uji huu ukikauka unashika kama rangi, lakini maji ya moto na sabuni vinautoa. Nikautia madoa ya chai. Nikaudondoshea mshumaa. Nikachora mikwaruzo kwa msumari, kwenye uji tu, bila kufika kwenye nta. Mwisho nikachora pale katikati alama ya kuungua yenye umbo la pasi, ili iwe meza ya kupigia pasi ya watu maskini.

Tshibangu alikuwa ameketi kwenye kigoda ananitazama. Alikuwa amekonda, shati limechanika begani, hajui kesho atalala wapi. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anapima kwa jicho.

"Mama."

"Sema, tata."

"Ile alama ya pasi. Hapo katikati haipendezi. Ivute huku pembeni kidogo, na pua yake iangalie mulango."

Nikasimama na brashi mkononi. "Tata Tshibangu! Tunatafuta ubaya!"

"Ndiyo, lakini hata ubaya iko na fasi yake."

Mama Ngalula akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikashikwa, na mume wangu naye, na mwisho Tshibangu mwenyewe. Nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu sana. Kisha nikaifuta ile alama, nikaisogeza pembeni, pua ikatazama mlango. Na alikuwa na haki. Ilikuwa mbaya vizuri zaidi.

Siku ya pili niliwasindikiza stesheni. Ngalula alisimamisha meza yake katikati ya mabunda na masufuria, akapanga juu yake nguo zilizokunjwa na pasi ya makaa, baridi. Nilimwonya: "Usipige pasi kweli. Chini kuna nta. Ikipata moto itayeyuka, na kijani itaonekana." Akasema amesikia.

Kabla ya mchana walikuja, kundi la vijana wenye fimbo. Aliyewaongoza alivaa suruali nzuri, na shati jeupe lilikuwa mabegani mwake, limekunjamana. Nilimjua. Alicheza mpaka viatu vikachanika kwenye harusi ya dada yake, na aliyepiga siku hiyo alikuwa Tshibangu.

"Tata Tshibangu," akasema, "ile ya kijani iko wapi?"

"Balisha kuibeba," Tshibangu akajibu. "Jana, njiani."

"Nani?"

"Wenzenu. Mi siwajui."

Kijana akapekua mabunda kwa fimbo. Akafunua sufuria. Akalipiga teke gunia la makaa, na ndani kitu kikalia *ting*. Ngalula akasema haraka, "Ni bijiko byangu. Unataka na bijiko?" Wenzake wakacheka. Akaliacha gunia. Akaitazama meza. Akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole, akakunja uso.

Nilidhani yamekwisha. Lakini akalivua lile shati mabegani na kulitupa mezani. "Mama, uko na pasi. Pigia hii shimizi yangu. Leo kuna mukutano."

Ngalula akanitazama. Mimi nikamtazama. Hakukuwa na namna. Akawasha makaa, akapuliza polepole, akarudi kupuliza, mtu angedhani hajawahi kuona moto. Yule kijana akasema, "Mbio kidogo!" Ngalula akalaza shati, akashusha pasi kwenye mgongo wake.

Nilisikia harufu kabla ya kuona. Nta ya mshumaa ikiyeyuka ina harufu ya kanisa. Nikasogea karibu. Pasi ilikwenda, ikarudi, na ule uji wangu wa masizi ukaanza kulainika chini ya kitambaa. Ngalula alikuwa anatoka jasho. Akafika kolani, akainua shati kwa vidole viwili.

Mgongo mzima ulikuwa mweusi. Masizi, chai, majivu na nta, vyote vimepanda kwenye shati lile jeupe kama vilikuwa vinalisubiri.

Kisha mmoja wa wenzake akasema, "Weh! Sasa uko sawa punda milia!" Kundi zima likaangua kicheko. Kijana akalishika shati lake, akaligeuza, akalitazama, uso ukamvimba kwa aibu na hasira. Akaipiga meza teke mguuni. Ikayumba, ikasimama.

"Meza ya buchafu!" akapiga kelele. "Batu ba buchafu! Mubebe buchafu bwenu, muende nabwo!"

Akaondoka, wenzake nyuma yake wakimwigiza mwendo. Kwa kutazama shati hawakuona kwamba pale juu ya meza, lilipokuwa limelala, kulikuwa na dirisha la kijani upana wa kiganja, linang'aa juani kwa mizunguko yake. Nilivua kilemba changu nikakitupa juu yake. Nilirudi nyumbani kichwa wazi, na mama mkwe wangu hakunielewa mpaka alipokufa.

Treni ilipofika, nami nimerudi kuwaaga, ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, hata paa hayana. Watu walipanda kama mahindi yanavyotiwa ghalani. Meza iliwekwa juu ya mabunda, kichwa chini, miguu minne juu, na kabla treni haijaondoka kina mama wakafunga vitenge kwenye ile miguu ili watoto wachanga wapate kivuli. Tshibangu alikuwa ameifunga ile meza kwa kamba kiunoni mwake. Ngalula alinipungia mkono mara moja tu. Nilisimama mpaka sikuona tena vitenge.

Baada ya hapo miaka ilipita bila neno. Niliendelea na kazi kadiri kazi ilivyokuwepo. Vanishi ikarudi madukani, halafu kompresa, halafu ninyi. Nilikuwa nimekwisha kuwaombea wale watu kama wanavyoombewa marehemu, ndipo mfanyabiashara mmoja Mwislamu, anayesafirisha samaki wakavu kwa treni mpaka Mwene-Ditu, kule Kasai, akasimama mlangoni kwangu. "Ni weye mama Ngoie wa verni? Kuna bantu ku Mwene-Ditu banaoza mutoto yao. Banasema bila weye harusi haitakuwa."

Nilikwenda. Mifupa ililalamika njia nzima, nikaiambia ilalamike tu. Kwenye mfuko nilikuwa na sabuni, msasa laini na kopo la vanishi, kwa sababu fundi hasafiri mikono mitupu.

Ngalula alinipokea stesheni. Tulilia kidogo, tukaulizana nani bado anaishi, tukalia tena. Ananiongoza nyumbani, naingia sebuleni, naona nini? Gitaa limesimama dirishani, jeusi vile vile, limejaa nguo, na pasi juu yake!

"Ngalula! Mpaka leo?"

"Mama, iko meza muzuri. Nitanunua ingine ya nini?"

Nyuzi mpya walizipata baada ya taabu kubwa, na pedali zilirudishwa. Siku za kazi nyuzi zilivuliwa, blanketi nene likatandikwa kulinda nta, nalo lilikuwa la mke; Jumapili lilikuwa la mume. Ile sehemu iliyofunuliwa stesheni ilikuwa imeongezeka kidogo kwa kuguswa. Kwingine kote, masizi yangu.

Nikatoa sabuni. Nikachemsha maji. Tshibangu, mvi kichwani, viatu vinang'aa, akaweka mkono wake juu ya ubao. "Apana, mama. Wacha."

"Tata, hii ni uji wa muhogo. Si rangi. Kazi yangu iko chini."

"Hii ya juu pia iko kazi yako. Na mi nimeizoea. Bijana ba hapa banaipenda. Kuko mumoja amelunguza gitare yake na moto ju ifanane."

Nikamwambia hana adabu kwa malakiti. Akaniambia mimi ndiye niliyekuwa sitaki kijani. Tukaanza pale pale, watu wazima wawili, majirani wakachungulia. Mpaka Ngalula akanipokonya beseni. Akalowesha kitambaa, akaosha ubavu wote wa mbele, ule unaowatazama watu. Ukijani ukatokea, umelala pale miaka yote bila ufa. Juu, anapotazama mpigaji, hakugusa. "Bantu baone yao," akamwambia mumewe, "na weye uone yako. Muache kunipigia makelele, niko na wali ku moto."

Nilipaka vanishi ubavu ule asubuhi, nikanusa mpaka ikakauka.

Harusi ilikuwa uani. Tshibangu alipoketi na kukanyaga pedali, ile sauti ikapanda kama zamani. Akapiga zile nyimbo za dansi za mtaa wetu, na kina mama wote waliokuja na treni ile, ambao sasa wana wajukuu, waliinuka. Waliimba kwa Kiswahili. Hata watoto waliozaliwa kule, ambao hawajawahi kuiona Katanga, waliimba kwa Kiswahili chetu, cha "batoto" na "bitu." Nilitupa viatu nikaingia katikati.

Mjomba wa bwana harusi, mzee wa pale pale, alikuwa ameketi na fimbo yake, anatazama gitaa, anatusikiliza, haelewi neno. Akamvuta Ngalula kitenge alipopita akicheza, akamwuliza kwa Kiluba cha Kasai. Bibi harusi, binti yao, akanitafsiria sikioni: anauliza, ninyi ni watu wa wapi?

Ngalula hakusimama. Akageuka na mdundo, mikono juu, akajibu:

"Ba Kolwezi."